Mkono wa Mtupaji si Shamba la Kukodi

Tommy John alitupa mpira wa besiboli katika Ligi Kuu ya Marekani kwa misimu 26, akastaafu mwaka 1989 akiwa na ushindi wa mechi 288. Kwa kazi kama hiyo, mtu angetarajia jina lake litajwe viwanjani. Leo hii linatajwa zaidi hospitalini. Kijana aliyekatika kano ya kiwiko huambiwa na daktari kwamba anahitaji "Tommy John", na mzazi wake huelewa bila kufafanuliwa. Wengi wanaolitaja jina hilo hawajawahi kumwona mwenyewe akitupa hata mpira mmoja.

Mtu kugeuka jina la upasuaji si jambo la kuchekesha tu. Ni dalili ya namna biashara ya besiboli ilivyobadilika. Hoja yangu ni hii: tiba iliyookoa kazi ya mtu mmoja mwaka 1974 imewapa wanunuzi wa vipaji kisingizio cha kuitumia mikono ya vijana bila hofu, kwa sababu mkono ukikatika unashonwa. Faida ya kasi inakwenda kwa klabu, na sehemu kubwa ya hatari inabaki kwa kijana na wazazi wake. Suala hili halihusu Marekani peke yake tena, kwa kuwa wanunuzi hao wamekwisha kufika Uganda.

Kwa msomaji aliyezoea soka, mtupaji ndiye mtu ambaye mchezo wote unaanzia mkononi mwake. Husimama juu ya kichuguu kifupi cha udongo, mita 18.44 kutoka alipo mpigaji mwenye gongo, na hakuna kinachoanza mpaka auachie mpira. Mpira wa kasi hufika kwa muda usiotimia nusu sekunde. Ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa auone, aamue kama ni wa kupiga au wa kuacha, na gongo liwe limekwisha kuzunguka. Kila kilomita inayoongezeka katika kasi humpunguzia mpigaji nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana klabu hulipia kasi kuliko karibu kitu kingine chochote alicho nacho mtupaji.

Mwili nao una bei yake. Mtupaji anapouvuta mkono nyuma na kuupeleka mbele kwa nguvu, kiwiko hupindwa kwa nje. Kinachokizuia kisifunguke ni kano ya upande wa ndani, utepe mfupi uliofunga mfupa wa juu wa mkono na mfupa mmoja wa kigasha. Misuli husaidia kubeba mzigo huo, lakini sehemu kubwa huiangukia kano yenyewe, tena mara mamia kwa wiki. Misuli hunenepa kwa mazoezi ya miezi michache. Kano haiendi na mwendo huo. Kijana anaweza kujenga mabega, mgongo na mapaja ya kurusha mpira wa kilomita 150 kwa saa kabla kiwiko chake hakijawa tayari kuubeba.

Zamani, kano ikichoka, kazi ilikwisha. Sandy Koufax wa Los Angeles Dodgers ndiye mfano unaouma zaidi. Mwaka 1966 alishinda mechi 27, akaanza na kumaliza mwenyewe mechi 27, na mwishoni mwa msimu akapewa kwa mara ya tatu tuzo ya Cy Young, ile anayopewa mtupaji bora. Kiwiko chake cha kushoto kilikuwa kimeliwa na baridi yabisi. Alikuwa akipanda kichuguuni baada ya kudungwa sindano na kupakwa dawa ya moto. Novemba mwaka huo, akiwa na miaka 30 tu, alitangaza kuacha. Alieleza kwamba bado ana miaka mingi ya kuishi baada ya besiboli na angependa kuiishi akiwa na mwili wake wote. Huyo alikuwa kileleni, na akashuka mwenyewe kabla hajaangushwa.

Miaka minane baadaye, katika klabu ileile, ikawa zamu ya Tommy John. Msimu wa 1974 alikuwa ameshinda mechi 13 na kupoteza 3 tu. Julai 17, katika mechi dhidi ya Montreal Expos, kiwiko chake cha kushoto kiliachia. Daktari wa klabu, Frank Jobe, alijua kwamba mapumziko hayatasaidia. Akapendekeza jambo ambalo halijawahi kufanywa kwa mtupaji: kuchukua kano nyembamba kutoka mkono wa kulia, kutoboa mifupa ya kiwiko cha kushoto, na kuifunga humo mahali pa ile iliyokatika. Jobe alimwambia kwamba nafasi ya kurudi uwanjani ni moja katika mia. Septemba 25 alipasuliwa. Baada ya miezi michache ilibidi apasuliwe tena kwa sababu mshipa wa fahamu uligoma na vidole vikawa havimtii.

Msimu wote wa 1975 ulipita bila yeye kucheza. Alirudi mwaka 1976 na kushinda mechi 10. Mwaka uliofuata alishinda 20. Kati ya ushindi wake 288, mechi 164 alizishinda baada ya upasuaji. Yaani nusu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitimiza kwa kiwiko cha kuungwa. Na kuna jambo husahaulika kila hadithi hii inaposimuliwa: John hakuwahi kuwa mtupaji wa kutisha kwa kasi. Silaha yake ilikuwa mpira unaozama ukimkaribia mpigaji, ukamfanya apige pigo baya linalobiringika chini. Alidumu kwa akili na kwa kujua mahali pa kuuweka mpira. Mkono uliofanya upasuaji huu uaminike ulikuwa mkono usiokimbilia kasi.

Waliomfuata wameurithi upasuaji wakauacha ustadi. Kwanza ulikuwa tiba ya nadra, kisha ukawa wa kawaida, na sasa ni kama kituo kinachotarajiwa katika safari ya mtupaji. Zaidi ya theluthi ya watupaji wa Ligi Kuu wamepitia kisu hicho, na wengine, kama Jacob deGrom, mara mbili. Wapo waliorudi kwa kishindo. Justin Verlander alipasuliwa mwaka 2020, akarudi mwaka 2022 akiwa na miaka 39 na kunyakua Cy Young. Mafanikio kama hayo ni ya kweli na ni ya kuheshimiwa. Ila yamezaa imani mbaya, kwamba kiwiko ni kipuri.

Tazama namba. Mwaka 2008 wastani wa mpira wa kasi katika Ligi Kuu ulikuwa karibu kilomita 147 kwa saa. Kufikia 2024 ulikuwa karibu 152. Katika kipindi hichohicho watupaji wamekuwa wakikaa uwanjani muda mfupi zaidi. Koufax peke yake alimaliza mechi 27 mwaka 1966. Mwaka 2024 timu zote 30 kwa jumla hazikufikisha mechi 30 zilizoanzwa na kumalizwa na mtupaji mmoja. Sasa mtupaji haambiwi atunze nguvu za kumfikisha mwisho. Anaambiwa atoe zote kwa kila mpira, na akichoka yupo mwingine anayesubiri benchi akiwa na mkono mpya.

Desemba 2024 Ligi Kuu yenyewe ilitoa ripoti kuhusu majeraha ya watupaji, baada ya kuzungumza na watu zaidi ya 200, wakiwamo madaktari, makocha na wachezaji wa zamani. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, upasuaji wa kiwiko katika besiboli ya kulipwa, ligi ndogo zikiwemo, ulipanda kutoka 104 mwaka 2010 hadi 281 mwaka 2024. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kukimbilia kasi, kukimbilia mzunguko wa mpira, na tabia ya kutupa kwa nguvu zote hata msimu ukiwa umefungwa. Kwa maneno mengine, mwenye duka amekiri kwamba bidhaa anayoitafuta ndiyo inayoumiza.

Kinachonikera zaidi ni umri. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2015, uliochunguza upasuaji wa namna hii uliofanyika kati ya 2007 na 2011, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa vijana wa miaka 15 hadi 19. Hao si wafanyakazi wa klabu. Ni wanafunzi. Hawana mshahara wa besiboli, hawana mkataba, na bili ya hospitali inakwenda kwa bima ya mzazi au mfukoni mwake. Wanatupa mwaka mzima, wanazungushwa kwenye maonyesho ya vipaji ambako kuna kifaa cha kupima kasi nyuma ya wavu, na kila mmoja anajua kwamba namba inayotokea pale ndiyo itakayoamua kama kuna mtu atapiga simu nyumbani kwao. Tommy John mwenyewe amesema hadharani kwamba haipendi hali hii ya watoto kulazwa kwa jina lake.

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Kwa miaka mingi klabu ya Marekani ilimmiliki mchezaji kwa kifungu cha mkataba kilichojirefusha chenyewe kila mwaka, asipate pa kwenda. Hata Koufax na mwenzake Don Drysdale, watupaji wakubwa wa zama zao, walilazimika kugoma pamoja kabla ya msimu wa 1966 ndipo wakaongezewa. Mnyororo huo ulikatwa Desemba 23, 1975, pale msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally wako huru. Wote wawili walikuwa watupaji. Uhuru wa wachezaji wa leo, pamoja na mamilioni yao, umesimama juu ya mabega ya watu wa kichuguuni.

Lakini uhuru ule una masharti. Mchezaji huwa huru kuchagua klabu baada ya miaka sita ya utumishi katika Ligi Kuu, na kabla ya hapo wengi wamekwisha kupita miaka kadhaa katika ligi ndogo. Hesabu inakuja yenyewe: miaka ambayo mkono una afya na kasi ndiyo miaka ambayo klabu inaushika kwa bei ya chini. Anayelima shamba la kukodi kwa msimu mmoja hana sababu ya kuweka matuta wala kutia samadi. Anakamua udongo, anavuna, anahama. Klabu nayo inajua kwamba siku mkono utakapokuwa na haki ya kuuzwa ghali, huenda tayari ni mali ya mtu mwingine, au si mali ya yeyote.

Tofautisha watu wawili. Stephen Strasburg aliingia Ligi Kuu mwaka 2010 kwa kuwatoa wapigaji 14 katika mechi yake ya kwanza. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amepasuliwa kiwiko. Alirudi, na mwaka 2019 akaibeba Washington Nationals hadi ubingwa. Desemba hiyo akasaini mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 245. Baada ya hapo aliweza kucheza mechi 8 tu, mishipa ya fahamu kati ya shingo na bega ikimshinda, akastaafu mwaka 2024. Mkataba wake ulikuwa wa uhakika, kwa hiyo maumivu yalibaki yake na hasara ikawa ya klabu. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: anayenunua kasi abebe na athari zake.

Mtu wa pili hana jina, kwa sababu ni maelfu. Yuko ligi ndogo. Hadi mwaka 2022, mchezaji wa ngazi ya chini kabisa alikuwa akilipwa dola 4,800 kwa msimu. Mwaka huo wachezaji wa ligi ndogo waliingia katika chama cha wachezaji, na mkataba wao wa kwanza wa pamoja, wa mwaka 2023, uliipandisha ngazi hiyo hadi dola 19,800. Ni hatua, na anayeibeza hajui ilikotoka. Klabu pia humlipia matibabu akiumia kazini. Lakini kano ikikatika akiwa na miaka 20, hakuna mkataba wa milioni 245 wa kumkinga. Anauguza mkono mwaka mzima au zaidi, anarudi akiwa nyuma ya vijana wapya, na klabu ina haki ya kumwachilia. Aliyekwisha kuacha chuo kwa ajili ya ndoto hii anaanza maisha upya akiwa na kovu na cheti cha sekondari.

Wapo watakaonijibu kwamba hakuna aliyelazimishwa. Kijana anajua hatari, anaichagua, na asipotupa kwa kasi hatapata hata hiyo nafasi ndogo. Naikubali nusu ya hoja hii. Ni kweli kwamba kijana anachagua, na kwa familia maskini malipo ya kusaini peke yake yanaweza kujenga nyumba na kusomesha wadogo zake. Sitamwambia mtu aliyekaa kwenye tope asiishike kamba kwa kuwa inakwaruza. Ila uchaguzi huo unafanywa mbele ya kifaa cha kupima kasi ambacho kijana hakukiweka, kwa kanuni ambazo hakuzitunga, akiwa na miaka 15. Mtu mzima akiupanga mchezo ili mtoto ashinde kwa kujiumiza, hawezi kunawa mikono kwa kusema mtoto alitaka mwenyewe.

Nusu nyingine ya hoja, kwamba kasi ndiyo njia pekee, inakanushwa na historia ya mchezo huohuo. Tommy John alishinda mechi 288 bila kasi ya ajabu, na mazingira ndiyo yanayoamua ni ustadi gani utalipwa. Ligi Kuu imewahi kubadili mazingira hayo: baada ya msimu wa 1968, watupaji walipowazidi sana wapigaji, kichuguu kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10, na mizani ikarudi. Haikuwa kudura. Zilikuwa kanuni, na watu waliozitunga wapo.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda kwenye Mashindano ya Dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, lakini ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, na hawakurudi bila ushindi. Miaka kumi baadaye Los Angeles Dodgers wakawasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakamsaini mtupaji David Matoma. Ukanda wetu umetoa wakimbiaji kwa vizazi, na haishangazi kwamba sasa unatoa mikono. Ni jambo la kujivunia, na vijana hao wanastahili kila shangwe.

Lakini tunajua, kutokana na riadha na soka, jinsi furaha ya mkataba wa kwanza inavyotufanya tusahau kusoma ukurasa wa pili. Kijana wa Kampala anayesainiwa kwa sababu ya kasi yake ananunuliwa kwa kigezo kilekile kinachowajaza vijana wa Florida na Texas vyumbani kwa madaktari, tofauti ikiwa kwamba wa Texas akiachwa, hospitali na shule viko karibu naye. Wa kwetu akiachwa na kiwiko kibovu, anarudishwa kwa ndege. Kutengeneza kano upya ni upasuaji wa kibingwa, na uuguzi unaofuata ni wa mwaka mzima. Wazazi wangapi wa Mukono au Jinja wanaweza kuubeba?

Kwa hiyo madai yawe mahususi. Kwanza, vyama vya besiboli vya Afrika Mashariki vizifanye kuwa sheria zile kanuni ambazo Ligi Kuu na USA Baseball walizitoa mwaka 2014 kwa jina la Pitch Smart. Zinasema mtoto wa miaka 11 hadi 12 asizidishe mipira 85 kwa siku, wa miaka 13 hadi 16 asizidishe 95, na wote wawe na miezi isiyopungua minne kwa mwaka bila kutupa mashindanoni. Kuhesabu mipira hakuhitaji mashine. Kunahitaji daftari, kalamu, na kocha asiyeogopa kumtoa mtupaji wake bora fainali ikiwa inaendelea.

Pili, klabu inayomsaini kijana kutoka kwetu iandike ndani ya mkataba kwamba jeraha la mkono lililopatikana kazini litatibiwa mpaka lipone hata kama kijana ameachwa, popote atakapokuwa, na kwamba ada ya masomo yake imetengwa tangu siku ya kusaini. Klabu inayoweza kumlipa mtupaji mmoja dola milioni 245 haiwezi kudai kwamba ada ya chuo na mwaka wa tiba ya viungo vitaifilisi.

Tatu, Ligi Kuu yenyewe ipunguze idadi ya watupaji ambao timu inaruhusiwa kuwa nao. Sasa ni 13 kati ya wachezaji 26. Wakiwa 11, kocha hatakuwa na mikono ya kubadilisha kila dakika, na mtupaji atalazimika kujifunza tena kuzigawa nguvu zake, kuutuma mpira mahali, kudumu. Kasi itapungua kidogo juu, na mashinani watoto wataacha kuikimbilia, kwa kuwa mashinani hufuata kinacholipwa juu.

Frank Jobe alifariki mwaka 2014 akiwa ameheshimiwa na jumba la kumbukumbu la besiboli huko Cooperstown, na alistahili. Alimpa mtu mzima mwenye kazi, aliyeelezwa hatari yote, nafasi moja katika mia. Kuitumia hekima yake kuwatuliza wazazi wa mtoto wa miaka 15 ni kuidhulumu. Kipimo cha haki cha kazi ya mtupaji kisiwe tena mpira wake mmoja wa kasi kuliko yote. Kiwe idadi ya miaka aliyotupa akiwa mzima, na hali aliyoachwa nayo siku klabu ilipomwambia kwamba haimhitaji. Klabu isiyokubali kupimwa hivyo, chama cha besiboli cha Uganda kiwe na ujasiri wa kuifungia mlango.